Mwamba Ngoma wa Washington

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Anayetaka kuliona hilo katika siasa za Marekani atazame siku mbili tu, tarehe 3 na 4 Januari 2018.

Tarehe 3, Rais Donald Trump alivunja tume aliyoiunda Mei 2017 kuchunguza wizi wa kura. Chanzo chake kilikuwa dai lake kwamba mamilioni ya watu walipiga kura kinyume cha sheria mwaka 2016, na kwamba bila hao Hillary Clinton asingempita kwa kura za wananchi takriban milioni 2.9. Mwenyekiti alikuwa Makamu wa Rais Mike Pence, lakini aliyeshika usukani ni naibu mwenyekiti, Kris Kobach, msimamizi wa uchaguzi wa Kansas. Huyu aliyaandikia majimbo yote akitaka daftari za wapiga kura, pamoja na tarehe za kuzaliwa. Majimbo mengi yakakataa, kwa ukamilifu au kwa sehemu. Delbert Hosemann, msimamizi wa uchaguzi wa Mississippi na mwana Republican mwenzao, aliiambia tume ikajitose katika Ghuba ya Mexico.

Ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na hapa haukuletwa. Matthew Dunlap, mjumbe wa tume kutoka Maine, ilibidi aishtaki tume yake mwenyewe ili aonyeshwe nyaraka zake. Alipozipata alikuta rasimu ya ripoti ina vichwa vya sura kuhusu wizi wa kura, na chini ya vichwa hivyo hamna kitu. Huko Kansas nako, Juni 2018, jaji Julie Robinson aliyapima madai ya Kobach akaona kwamba wasio raia walioingia daftarini kwa miaka 19 hawakuzidi 39. Sheria iliyotungwa kuwazuia hao ilikuwa imekwamisha maombi ya kujiandikisha zaidi ya 30,000.

Kesho yake baada ya tume kuvunjwa, tarehe 4 Januari, majimbo yalipigwa upande mwingine. Mwanasheria Mkuu Jeff Sessions alifuta waraka wa 2013 uliowataka waendesha mashtaka wa serikali kuu wasiyasumbue majimbo yaliyohalalisha bangi, mradi yaidhibiti. Maduka ya California ya bangi ya starehe yalikuwa na siku tatu tu tangu yafunguliwe. Na huyu ni waziri wa chama kinachohubiri kila uchaguzi kwamba majimbo yaachwe yajitawale! Cory Gardner, seneta wa Colorado wa chama hichohicho, alikasirika hadi akazuia uteuzi wa maofisa wa wizara ya sheria, na hakulegea mpaka Trump alipomwahidi, Aprili, kwamba Colorado haitaguswa.

Democrats nao wasicheke. Arizona ilipotunga sheria yake kali ya wahamiaji mwaka 2010, serikali ya Obama ilikimbia mahakamani kudai kwamba neno la Washington ndilo la mwisho, na mwaka 2012 ikashinda sehemu kubwa ya kesi. Mwaka mmoja baadaye serikali ileile ndiyo iliyoandika waraka wa bangi.

Mimi namvulia kofia Sandra Day O'Connor. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya wagonjwa wa California waliotumia bangi kwa idhini ya sheria ya jimbo lao. Mmoja wao alikuwa ameng'olewa miche yake sita na maofisa wa serikali kuu. Jaji O'Connor aliandika wazi kwamba angekuwa mkazi wa California asingeipigia kura sheria hiyo. Kisha akaitetea, kwa sababu jimbo lina haki ya kuamua hata jambo asilolipenda yeye. Majaji wa upande wake walikuwa watatu dhidi ya sita. Walio wengi walisema hata mche unaooteshwa nyumbani kwa matumizi ya mwenyewe uko chini ya mamlaka ya Bunge la Washington juu ya biashara, na hukumu hiyo ndiyo iliyomwachia Sessions nguvu ya kufanya alichofanya miaka 13 baadaye.