Mshahara Atapokea Nani?

Watu wa kawaida wangekubali kwenda Mirihi bila kurudi. Mwaka 2013 kampuni ya Kiholanzi iitwayo Mars One ilifungua mlango kwa yeyote anayetaka kwenda kuishi kwenye sayari ya Mirihi bila kurudi. Ilitangaza kwamba walioitikia walipita 200,000. Waliomaliza kujaza maombi na kulipa ada walikuwa elfu chache tu, lakini kwa safari ambayo mwisho wake ni kaburi la ugenini, hata elfu chache ni umati. Kampuni ilifilisika Januari 2019 bila kumrusha mtu yeyote. Waliojiandikisha walikuwa wamekwisha kutoa jibu lao.

Mimi nafundisha dini hapa Kalemie, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, na linaloninyima usingizi ni jambo la pili: je, mtu ana haki ya kujitoa hivyo? Maisha yangu ni yangu kwa kiasi gani, hata nikae peke yangu na kalamu niyatie sahihi?

Niliwauliza wanafunzi wa mwaka wa sita nani angekwenda. Wavulana walinyoosha mikono kabla sijamaliza kusema. Kisha msichana mmoja, ambaye mama yake huanika ndagala kwenye mchanga kando ya ziwa, akauliza: "Mwalimu, mushahara ya ule mwenye ameenda, nani atapokea?" Darasa likacheka, wakidhani anawaza pesa. Mimi niliona ndiye peke yake aliyeligusa swali lenyewe. Alikuwa anauliza ni nani mwenye haki juu ya mtu anayeondoka: mama aliyemzaa, wadogo zake wanaosubiri karo, mjomba aliyeuza mbuzi ili asome. Sahihi ya mmoja inawafunga hao wote, na hakuna aliyewaita mezani.

Sisi wa pwani hii ya ziwa hatuhitaji kuangalia angani ili tujue kiapo cha kutorudi. Kusini mwetu ni Mpala. Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie walipewa ngome ya hapo mwaka 1885, nao walikuwa wameapa kuitumikia Afrika maisha yao yote. Walijua bei yake. Padri Pascal alifia njiani katika msafara wa kwanza, mwaka 1878, kabla hajaliona ziwa. Wengine waliuawa Rumonge mwaka 1881. Barua kutoka huku hadi kwa mama Ufaransa ilichukua miezi, ilhali sauti kutoka Mirihi hufika duniani kwa dakika 22 hata sayari hizo mbili zikiwa mbali kabisa. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba umbali ndio mzigo.

Namfikiria sana Kapteni Léopold Joubert. Hakuwa padri. Alikuwa askari wa zamani wa Papa, mlei kama mimi, aliyekuja kuilinda misheni dhidi ya wateka watumwa. Alikaa, mwaka 1888 akamwoa Agnes Atakao, binti wa huku, wakazaa, na alifariki mwaka 1927 upande wa Moba bila kurudi tena Ufaransa. Simfanyi mtakatifu, alikuja na bunduki na alitawala watu ambao hawakumchagua. Lakini mlinganishe na Émile Storms, aliyeijenga ngome ileile ya Mpala mwaka 1883. Watu wake walimuua chifu Lusinga mwaka 1884, na Storms aliporudi Ubelgiji, fuvu la Lusinga lilikwenda naye. Ni vyepesi kuwatendea watu unyama kama ule ikiwa una siku ya kuondoka. Joubert kila alilotenda ilimbidi aamke nalo kesho yake, katikati ya shemeji zake.

Yupo mwingine ninayemheshimu kuliko hao wote. Adrien Atiman alitekwa angali mtoto katika nchi ambayo leo ni Mali, akakombolewa na mapadri, akasomea utabibu Malta, kisha akaletwa Karema, ng'ambo ya ziwa letu. Nani anaweza kusema huyo alijitolea? Njia yake ilianza kwa kununuliwa. Na hata hivyo alitibu wagonjwa pale kwa zaidi ya miaka 60, hadi kifo chake mwaka 1956. Naamini kujitolea kwake hakukuwa siku ya kupanda mashua. Kulikuwa kila asubuhi mgonjwa alipofika mlangoni naye akamfungulia.

Hapo ndipo safari ya Mirihi inaponipa taabu ya kweli. Hawa wote waliacha watu wakaenda kwa watu. Stefano Kaoze, kijana wa pande za Marungu, alipopata upadri mwaka 1917, Mkongo wa kwanza, alitoa hata watoto ambao ukoo wake ulikuwa na haki ya kuwangoja. Lakini aliutoa uzazi huo kwa parokia, kwa watoto wa wengine. Kule juu hakuna anayengoja. Hakuna mgonjwa mlangoni.

Msinidhanie naogopa roketi. Mwaka 1977 na 1978 kampuni ya Kijerumani OTRAG ilizirusha humu humu, juu ya mto Luvua, katika ardhi ambayo Mobutu aliwapa bila kuwauliza wanaoilima. Nimeishi na ndoto za watu wakubwa zinazopita juu ya vichwa vyetu. Ningependa safari hii mtoto wa Kalemie awemo ndani.

Binti yangu ananipinga. Anasema akienda yeye, wale wenzake watatu au watano katika chombo ndio watakaokuwa jirani zake, na amri ya kumpenda jirani haikuweka mpaka wa hewa. Ananikumbusha wanne waliofungiwa Houston siku 378, hadi Julai 2024, wakiigiza maisha ya Mirihi: waligawana maji, kazi na hasira. Ni hoja nzuri, na nimeikubali nusu. Nusu nyingine bado naishikilia: wenzake hao watakuwa wamechaguliwa na ofisi, wamepimwa moyo na akili, wamethibitishwa kwamba wanapatana. Msamaria hakupimiwa yule mtu aliyelala njiani.

Kwa hiyo nimemwambia akitaka kwenda aende, lakini kwanza akae na wazee wa pande zote mbili, wa baba na wa mama. Wamuulize wanachotaka kumuuliza, hata siku mbili. Na wakikataa, asiondoke usiku.

Amesema atakaa nao. Hajasema kama atawatii.