Mtazame Aliyegonga Mkeka

Wanangu mnaotaka kuingia karate, judo, taekwondo au mchezo mwingine wowote wa kujihami, sina neno la kuwakataza. Mazoezi hayo hukaza mwili, hushusha hasira, na humpa kijana pa kwenda saa ambazo kijiwe kinamwita. Neno langu ni la mlangoni. Kabla hujalipa ada, kabla hujashonewa gi, yaani vazi la mazoezi, nenda ukakae pembeni utazame, siku mbili tatu tofauti. Klabu inayomfukuza mtazamaji msihangaike nayo.

Mkishakaa, msimtazame mwalimu kwanza. Mwalimu anajua anatazamwa. Mtazameni aliye dhaifu kuliko wote ukumbini: mtoto, mgeni wa wiki ya kwanza, binti aliye peke yake kati ya wavulana. Katika judo na jujitsu, aliyebanwa mkono au shingo hugonga mkeka kwa kiganja, au hugonga mwili wa mwenzake, maana yake basi, niachie. Jawabu mnalolitafuta lipo hapo. Mkono unalegea papo hapo, au unakazwa kidogo zaidi ndipo uachiwe? Aliyegonga anachekwa? Na yule mkubwa aliyechelewa kumwachia mdogo, mwalimu anamwita na kumwonya, au anajifanya hakuona? Pale ambapo mtoto akigonga, hata mwenye mkanda mweusi anasimama, mwaweza kujifunza kwa amani. Pasiposikilizwa kugonga, hata ukuta ukijaa picha za mabingwa na vikombe, mtaumia.

Mnaweza kuniona mzee mwenye hofu. Basi sikilizeni yaliyotokea Taichung, Taiwan, mwaka 2021. Mtoto wa miaka 7, ndiyo kwanza anaanza judo, aliangushwa na kuangushwa tena, mara 27 kwa hesabu iliyotangazwa. Alilalamika kichwa kinamuuma. Akaambiwa ainuke. Alizimia, akalala hospitali zaidi ya miezi miwili, akafariki. Mwalimu alifungwa miaka 9, na ilikuja kujulikana kwamba hakuwa na leseni ya kufundisha. Kinachonikosesha usingizi mimi ni hiki: mtu mzima wa familia ya yule mtoto alikuwepo ukumbini, akipiga video. Mtu akishaitwa mwalimu, watu wazima wenye akili zao hunyamaza mbele yake.

Wala msidhani hayo ni ya walimu wa vichochoroni tu. Judo ilizaliwa Japani, Jigoro Kano alipofungua shule yake, Kodokan, mjini Tokyo mwaka 1882. Huko huko, mwishoni mwa 2012, wanawake 15 wa ngazi ya timu ya taifa walipeleka malalamiko kwamba kocha wao mkuu, Ryuji Sonoda, alikuwa akiwapiga. Mapema 2013 akajiuzulu. Na ilipohesabiwa judo ya shuleni nchini humo tangu 1983, vifo vya wanafunzi katika muda usiofika miaka 30 vilipita 100, vingi kwa majeraha ya kichwa, na wengi wao walikuwa wageni wa mchezo. Jina la mtindo, basi, halikulindi, na nasaba ya mwalimu pia haikulindi.

Ndiyo maana mwalimu wa judo anayejua kazi yake hamrushi mgeni. Anamfundisha kwanza kuanguka. Mtaona wageni wako chini kabisa, wamechuchumaa, wanajiachia kinyumenyume: kidevu kimebanwa kifuani ili kisogo kisiguse chini, mkono unapiga mkeka kwa nguvu kupokea kishindo. Wanarudia mpaka wanachoka na kununa. Mkikuta klabu ambayo mgeni amekuja Jumatatu, na Jumatano tayari anatupwa juu juu ili wengine wapige makofi, ageni. Kisha ukanyage mkeka wenyewe kwa kisigino. Ukisikia saruji, umepata jibu la swali ambalo hukuwa na haja ya kumuuliza mtu.

Sasa mkanda. Vijana mnaupenda mno mkanda mweusi. Hakuna sheria ya dunia inayomzuia mtu kuufunga. Duka la vifaa vya michezo litakuuzia bila kukuuliza ulifanya mtihani wapi. Hata ngazi za dan, yaani za mkanda mweusi, si siri ya kale ya mahekalu kama sinema zilivyotuaminisha sisi tuliolelewa na Bruce Lee. Alizianzisha Kano kwenye judo, na karate ikaazima kwake: Gichin Funakoshi alitoa dan zake za kwanza mwaka 1924 tu. Muulize mwalimu kwa adabu: nani alikupa mkanda huu, na leo unawajibika kwa nani? Mwalimu wa kweli hachukii. Dar es Salaam wapo waliorithi mtindo wa karate wa goju-ryu uliofundishwa na Nantambu Camara Bomani, Mmarekani Mweusi, tangu miaka ya 1970, na jina la mwalimu wa mwalimu wao wanalitaja kwa fahari. Kwenye taekwondo kazi ni nyepesi zaidi, kwa sababu vyeti vya dan vya Kukkiwon, makao yaliyofunguliwa Seoul mwaka 1972, vina namba inayoweza kuhakikiwa. Anayejitangaza bingwa mkuu wa dunia wa mtindo alioubuni mwenyewe juzi, mpeni mkono na mumuage.

Ulizeni pia usajili. Tanzania Bara vyama na vilabu vya michezo husajiliwa kwa Msajili aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya 1967. Kenya yupo Msajili wa Michezo kwa sheria ya 2013. Cheti hakikuhakikishii tabia ya mtu, lakini hukuonyesha pa kupeleka lalamiko. Fedha mnajua wenyewe: ada itajwe yote mapema pamoja na ya mitihani, na risiti itolewe.

Limebaki zito kuliko yote, na wazee wengi hulisema kwa kuzunguka. Mwalimu anayekutaka ubaki peke yako baada ya wenzako kuondoka, anayekutumia ujumbe usiku wa manane, anayekuambia "hili ni letu, nyumbani usiseme", anayekukataza kufanya mazoezi kwingine au kukufanya umfulie na kumfanyia kazi zake ili upande mkanda, huyo hakufundishi adabu. Kumwinamia mwalimu mwanzo na mwisho wa mazoezi ni heshima ya mchezo, na inaishia hapo. Akigusa mwili wako mahali ambapo fundisho halihitaji, ondoka, hata kama umelipa ada ya mwaka, hata kama mtihani wa mkanda ni kesho. Umwambie mtu mzima siku hiyohiyo. Akikunyamazisha, nenda kwa mwingine, na polisi pia uende. Nasi wazee tunaowapeleka watoto kwenye kumbi hizi tukubaliane jambo moja: kijana akija na habari hiyo, tumsikilize mpaka amalize, na asiwepo wa kumuuliza alifuata nini huko.