Mzee Asiambiwe?

Sisi tuliozaliwa kijijini tukaja kubangaiza mjini tuna desturi moja ambayo hakuna aliyewahi kuiitishia kikao. Habari za kwenda nyumbani tunazichambua kama maharage. Nani kajifungua, nani kafaulu, nani kapaua nyumba: hizo zinakwenda. Mawe tunabaki nayo wenyewe.

Swali langu, ndugu msomaji, ni hili: mtu akishastaafu, ndiyo amepoteza haki ya kujua?

Baba yangu yuko Nyakakika, kule Karagwe. Alifundisha shule za msingi mpaka akafikisha miaka 60, serikali ikamwambia ahsante, akarudi kwenye kibanja. Raha zake si za kuandikiwa riwaya. Asubuhi anazunguka migombani kabla hata ya chai. Anatafuna buni zake za kuchemsha, redio iko kando inajisemea. Jioni kuna wazee wenzake na rubisi, na senene wakishuka, mtu mzima yule anakimbizana nao kama mtoto, hana habari na mtu. Jumapili anangoja simu zetu. Nadhani hiyo ndiyo raha yake kubwa kuliko zote, maana Jumatatu anazipeleka habari zetu kwa wenzake, tena kazitia chumvi.

Sasa kaka yetu mkubwa kapunguzwa kazini Dar, huu mwezi wa nane. Ndugu wakapigiana simu, wakaamua: Mzee asiambiwe. Kastaafu, aachwe ale raha.

Hoja zao si za kitoto. Mzee ana presha. Halafu tunamjua: akisikia tu, atauza kahawa kwa butura, ingali mtini, kwa bei ya kutupa, ili atume hela. Mnunuzi wa butura hana huruma, na msimu ukifika Mzee atabaki anaitazama kahawa yake ikivunwa na mwingine. Hapo hata mimi nanyamaza kidogo.

Lakini hebu tuulizane. Wazee wa Kagera hawakukuzwa kwa habari njema. Wameiona vita ya 1978 na 1979. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini waligunduliwa mkoani kwao, wakazika vijana, wakalea yatima. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walimiminika Karagwe na Ngara. Tarehe 21 Mei 1996 ikazama MV Bukoba. Watu waliobeba yote hayo, leo sisi tunawaona mayai?

Na huko kibanjani kwenyewe hakuna amani hiyo tunayoiwazia. Kuna mnyauko. Lile ua linaloning'inia chini ya mkungu Mzee analivunja kwa kijiti chenye panda, halikati kwa kisu, maana kisu hubeba ugonjwa toka mgomba hadi mgomba. Mgomba ukishaugua anataka kuujua siku hiyohiyo. Eti mtu wa namna hiyo aweze kujua mgomba upi unaumwa, ila asijue mtoto yupi.

Mimi nina shaka nyingine, na hii ndugu zangu hawaipendi. Presha ya Mzee tunaitaja sana, lakini tunachokiogopa ni swali lake. Akiambiwa, hatauliza kaka kafukuzwa kwa nini. Atauliza: na ninyi mlio naye hapo mjini, kodi yake mmelipa miezi mingapi? Ukimya wetu unamlinda nani basi?

Naye hutufanyia hivyohivyo. "Huku wote wazima," anasema kila Jumapili, na jirani ndiye anatuambia kwamba goti limemlaza siku tatu. Simu zinaita pande zote, na kila upande una mawe yake mfukoni.

Nimependekeza kaka apige mwenyewe, aseme, na palepale amsihi Mzee asiiguse kahawa. Dada kakataa katakata. Kaka hajajibu, na kesho ni Jumapili.