NIMEONA, SIJAONA, HAKUNA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Je, ni uongo kusema "nimeona" ili tu usiwacheleweshe wenzako?

Wapo watu wapendao nyota bila kulipwa mshahara. Usiku usio na mwezi hukutana uwanjani, huzima taa, huweka darubini, na kila mtu huchungulia kwa zamu. Anayefika mara ya kwanza hupata mtihani. Jicho lililotoka kwenye mwangaza linahitaji karibu nusu saa kuzoea giza. Anainama, anaona weusi mtupu, pengine kope zake mwenyewe. Nyuma yake mstari unangoja. Anaulizwa: "Umeziona pete za Zohali?" Anaona haya, anajibu: "Naam, nimeziona."

Neno hilo laonekana dogo. Lakini mwenye darubini akilisikia haitengenezi tena, na anayefuata atakuta ukungu uleule. Naye msemaji anarudi nyumbani na ushahidi wa kitu asichokiona.

Upande wa pili liko kosa lingine. Mwezi wa nne mwaka 1610, Galileo alipeleka darubini yake Bologna, Italia, awaonyeshe wataalamu miezi minne inayozunguka Mushtari. Hawakuridhika na walichokiona. Kusema hivyo si dhambi. Lakini mmoja wao, Martin Horky, aliandika kijitabu kwamba miezi hiyo haipo kabisa. "Sijaona" akaigeuza kuwa "hakuna".

Mwaka uleule Kepler alifuata uadilifu. Alipata darubini ya kuazima, akachungulia pamoja na wenzake. Kila mmoja alichora kwa chaki alichokiona bila kumwonyesha mwingine, ndipo wakalinganisha. Miezi ilithibitika.

Ndugu zangu, sisi tunaotafuta mwezi mwandamo tunajua uzito wa jambo hili. Kwa neno la mtu mmoja au wawili, mji mzima unafunga au unafungua. Basi aliyezoea kusema "nimeona" kwa haya tu, atashuhudia nini mbele ya wazee siku jirani yake anapogombania shamba?

Tuwazoeze watoto wetu madrasani kusema "sijaona, nionyeshe tena", wala wasichekwe. Na sisi tunaosubiri nyuma tusisukume, kwani mara nyingi haraka yetu ndiyo inayomtia mwenzetu katika uongo.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.