Shahidi Aliyechoka

Wahenga walituachia kauli kwamba njia ya mwongo ni fupi. Kauli hiyo inamhusu mwongo ajuaye kuwa anadanganya. Tuseme nini basi juu ya shahidi asiye na nia mbaya, ambaye kila mwaka husimulia pungufu kidogo ya alichokiona, wala hapana anayemshtukia? Shahidi wa namna hiyo hupatikana hata juu ya Mlima Kilimanjaro, katika mlingoti wa kupimia hali ya hewa.

Mwezi wa Februari 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, walisimika kituo kinachojiendesha chenyewe juu ya barafu ya kaskazini ya Kibo, zaidi ya mita 5,700 juu ya usawa wa bahari. Kufikisha chombo huko ni safari ya siku kadhaa kutoka Moshi: wapagazi hupita penye vihamba vya migomba na kahawa, wakapenya msitu, wakavuka nyika ya mawe. Chombo kikiharibika, safari huanza upya.

Kipimaupepo kilichozoeleka ni vikombe vitatu vinavyozunguka juu ya mhimili, na uaminifu wake wote umo katika beringi. Beringi zikichakaa, vikombe huwa vizito. Upepo mwanana hauvisogezi tena, na ule wa wastani huandikwa pungufu. Lakini chombo hakinyamazi. Huendelea kutoa tarakimu nadhifu, mwezi baada ya mwezi, na hapo ndipo penye hatari.

Hatari hiyo si ndogo. Mwaka 1912 barafu ya Kibo ilienea kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia 2011 zilisalia chini ya 2. Sehemu kubwa ya barafu ile haitiririki kuwa maji, bali hugeuka mvuke moja kwa moja, na upepo mkavu ndio unaouchukua. Kwa hiyo kasi ya upepo imo katika hesabu ya kumtafuta mla barafu: ni joto, ni jua, au ni ukavu wa hewa? Upepo ukiandikwa pungufu, fungu lake la lawama hupungua, na mwingine akabebeshwa. Beringi moja mbovu inaweza kupotosha hukumu.

Mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake walikadiria kwamba barafu hiyo ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Muda ule umepita na mabaki yake yangalipo, ingawa yanazidi kunywea. Anayetaka kudhihaki elimu amepata la kusema. Anayetaka kumjibu hana silaha ila vipimo vinavyoaminika.

Sasa fundi anafunga kipimaupepo kipya, na ghafla upepo unaonekana kuongezeka. Asipoandika neno, msomaji wa miaka thelathini ijayo atadhani mlima ulibadilika siku ile, kumbe kilichobadilika ni chombo. Hana budi kuandika tarehe, aina ya chombo na kimo chake. Akiweza, aviache cha zamani na kipya vipime pamoja kwa muda, ili tofauti yao ijulikane.

Atakuwapo wa kuuliza: tofauti ndogo kama hiyo, juu ya mlima mkubwa kama ule, inamdhuru nani? Inamdhuru asiyeweza kudai. Upepo wa leo haupimwi kesho. Anayerithi tarakimu hizi ni kama yatima: mali yake imo mikononi mwa mlezi, naye hajui hata kiasi chake.

Watu wa pwani hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mizani ya jambo hili. Wanavyuoni wa hadithi walimchunguza kila mpokezi, na aliyeingiwa na usahaulifu uzeeni hawakumtupa. Walitenga aliyoyasimulia kabla ya hali hiyo na aliyoyasimulia baadaye. Ya kwanza wakayapokea, ya pili wakayatilia shaka. Heshima yake ilibaki, na ukweli nao ukahifadhika.

Kwa hiyo kosa halimo katika kuchakaa, kwani kila kinachozunguka huchakaa. Kosa ni la ajuaye kuwa shahidi amechoka, akamwacha aendelee kusema, au akambadilisha usiku pasi na kuandika. Shahidi aliyechoka haaibishwi. Hupumzishwa, na siku aliyopumzishwa ikaandikwa daftarini.