Nadharia au Kisa? Uchaguzi wa Mhakiki katika Saikolojia Changanuzi

Mhakiki anayekusudia kuitumia saikolojia changanuzi hukabiliwa na vitabu vya aina mbili. Vipo vya nadharia, vinavyoeleza jinsi nafsi ilivyogawika. Na vipo vya utendaji, vinavyosimulia mazungumzo ya tabibu na mgonjwa. Wengi wetu huchagua vya kwanza, kwa kuwa istilahi zake hunukulika kwa urahisi. Makala haya yanashikilia kwamba uchaguzi huo si wa kitaaluma tu, bali ni wa kimaadili pia.

Tuchukue kisa cha msichana ambaye Sigmund Freud alimpa jina la Dora. Alitibiwa mjini Vienna mwaka 1900, akiwa na umri wa miaka 18. Alieleza kwamba rafiki wa baba yake alimtongoza, naye akamkataa. Freud alishikilia kwamba, katika ung'amuzibwete wake, msichana huyo alimpenda mtu yule. Baada ya majuma 11 hivi, Dora aliaga, akaondoka. Kisa kilipochapishwa mwaka 1905, Freud mwenyewe alikiri kwamba hakuzidhibiti kwa wakati hisia ambazo mgonjwa alikuwa akizihamishia kwake.

Msomaji wa nadharia pekee hukutana na fasiri iliyokwisha kukamilika. Msomaji wa kisa huiona fasiri hiyo ikikataliwa na mwenye nafsi. Sasa tumtazame Kazimoto, mhusika mkuu wa Kichwamaji (1974), riwaya ya Euphrase Kezilahabi. Mhakiki anapotangaza kwamba anakijua kiini cha kujiua kwake, Kazimoto hawezi kuinuka na kuondoka. Fasiri isiyoweza kukataliwa ni mamlaka makubwa mno kumwachia mtu mmoja.

Huenda ikadaiwa kwamba kisa nacho kimeandikwa na tabibu, na kwamba sauti ya Dora imepitia kalamu ya mwingine. Dai hili ni la kweli. Tena, bila nadharia tusingejua la kuuliza. Hata hivyo, kisa huhifadhi alama ya ukaidi ambayo nadharia huifuta.

Kwa hiyo, kisa kitangulie, nadharia ifuate. Aidha, mhakiki ayatafute kwanza maneno ya mhusika yanayoipinga fasiri yake, na ayaweke mbele ya msomaji. Huo ndio mlango pekee tunaoweza kumfungulia mhusika.