Uhuru Uliogeuzwa Amri

Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa akili ya kupambanua, akambainishia njia ya kheri na ya shari, wala asimburute katika yoyote kati ya hizo kwa kamba. Sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Sahaba zake na wote waliofuata uongofu wake. Ama baada ya hayo:

Katika nchi za Ulaya wako watu wanaojiita waliberali, maana yake wapenda uhuru. Asili ya madai yao ni kwamba kila mtu ni bwana wa nafsi yake, na kwamba serikali haina haki ya kumchagulia mtu imani yake, wala mavazi yake, wala namna yake ya kuishi. Si yote katika maneno haya yaliyo mabaya. Mwislamu amekwisha fundishwa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 256, kwamba dini haiingizwi kwa nguvu; na katika Sura ya Yunus, aya ya 99, Mtume mwenyewe aliulizwa kama yeye ndiye atakayewashurutisha watu wawe waumini. Basi mzozo hauko katika neno uhuru. Mzozo uko pale mpenda uhuru anaposhika dola, akaifanya ladha yake mwenyewe kuwa ndiyo mizani ya uhuru wa wengine, kisha akaitungia sheria na kumsimamisha askari nyuma ya sheria hiyo.

Mfano ulio wazi kabisa ni Ufaransa. Tarehe 9 Desemba 1905 nchi hiyo ilitunga sheria ya kutenga dini na dola. Kifungu chake cha kwanza kiliahidi uhuru wa dhamiri na uhuru wa kufanya ibada. Wakati wa kuijadili sheria hiyo alitokea mbunge mmoja aliyetaka mapadri wapigwe marufuku kuvaa kanzu zao njiani. Aristide Briand, aliyekuwa msemaji wa mswada huo, alikataa, na Bunge likakataa pamoja naye. Waliona ni aibu kwa sheria ya uhuru kuanza kwa kumpimia mtu nguo. Na watu hao hawakuwa marafiki wa kanisa hata kidogo! Lakini walifahamu kwamba dola isiyo na dini haina haki ya kusema nguo ipi ni ya dini na ipi si ya dini.

Wajukuu wao hawakuyafahamu hayo. Mwaka 1989, katika mji wa Creil karibu na Paris, wasichana watatu wa Kiislamu walizuiliwa kuingia madarasani kwa sababu ya mitandio yao. Baraza la Dola, ambalo ndilo mahakama ya juu katika kesi za utawala, lilitoa rai yake tarehe 27 Novemba mwaka huo kwamba kuvaa alama ya dini hakupingani kwenyewe na utaratibu wa kutenga dini na dola, maadamu hakuna ushurutishaji wala fujo. Jambo lingeweza kuishia hapo. Lakini mwaka 2003 Rais Jacques Chirac aliunda tume, na tume ikapendekeza marufuku. Tume hiyo hiyo ilipendekeza pia kwamba Idi ya kuchinja na siku kuu moja ya Mayahudi ziwe siku za mapumziko katika skuli zote. Pendekezo la kuwapa watu kitu liliachwa, na pendekezo la kuwavua watu kitu likachukuliwa. Tarehe 10 Februari 2004 Bunge liliipitisha sheria hiyo kwa kura 494 dhidi ya 36, wa mrengo wa kulia na wa mrengo wa kushoto wakiwa kitu kimoja.

Haikuishia kwenye mtandio. Vijana wa Kisingasinga nao walifukuzwa kwa ajili ya vilemba vyao, ijapokuwa hakuna aliyekuwa na ugomvi nao. Sheria ya tarehe 11 Oktoba 2010 ikamtoza faini isiyozidi yuro 150 yeyote mwenye kufunika uso mahali pa watu. Kisha mwezi wa Agosti 2023 Waziri wa Elimu, Gabriel Attal, akatangaza kwamba abaya nayo hairuhusiwi katika skuli za serikali. Siku ya kufunguliwa skuli, kwa maelezo ya waziri mwenyewe, wasichana 298 walikwenda wakiwa wamevaa abaya, na 67 kati yao walikataa kuivua wakarudishwa majumbani.

Msomaji anayeishi Ghuba, ambaye mkewe na binti zake huvaa abaya kila siku kama vile bibi zao walivyovaa buibui, na astaajabu kidogo. Abaya ni gauni refu na pana. Gauni hilo hilo akilivaa msichana asiyekuwa Mwislamu ni mtindo. Akilivaa Fatuma ni uchochezi. Basi mlangoni mwa skuli mwalimu hana budi kulitazama jina la mtoto, na rangi yake, na nyumba anayotoka, ndipo aamue kama nguo ni ya dini. Sheria iliyodai kutoijua dini ya mtu imeishia kuipeleleza.

Yote hayo yalifanywa kwa jina la kumkomboa mwanamke. Husemwa kwamba msichana amelazimishwa na baba yake, kwa hiyo dola inamlazimisha kinyume chake ili awe huru. Lakini aliyehama kutoka amri ya mtu mmoja kwenda amri ya mwingine hajapewa uhuru; amebadilishiwa bwana tu. Na yule aliyejistiri kwa kutii Sura ya An-Nur, aya ya 31, kwa hiari yake na kwa kumpenda Mola wake, huyo hakuulizwa neno. Humo humo Ulaya wako waliotambua dhulma hiyo. Miji ya pwani ya Ufaransa ilipopiga marufuku nguo za kuogea zenye kustiri mwili, jumuiya ya haki za binadamu ya Wafaransa wenyewe ilishitaki, na tarehe 26 Agosti 2016 Baraza la Dola likaisimamisha marufuku ya mji wa Villeneuve-Loubet. Mwislamu anaamrishwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 8, kwamba kuwachukia watu kusimpeleke kwenye kuacha uadilifu. Kwa hivyo ni wajibu kusema kwamba si kila mliberali ni dhalimu.

Wala jambo hili si geni kwa Ibadhi. Bonde la Mzab, katika jangwa la Algeria, lilipatana na Wafaransa mwaka 1853 kwamba litalipa kodi na kuachiwa mambo yake ya ndani. Mwaka 1882 mapatano yakavunjwa, na Mzab ikatwaliwa. Na mwezi wa Mei 1958, katika uwanja wa mji wa Algiers, wanawake wa Kiislamu walivuliwa shiramu zao mbele ya kamera, ili dunia ione jinsi Ufaransa inavyowakomboa. Miaka minne baadaye Ufaransa ilikuwa imekwisha ondoka, na shiramu zilikuwapo.

Katika Mzab chini ya utawala huo wa kigeni, halaka ya Azzaba, yaani baraza la wanavyuoni wa msikiti, iliendelea kusomesha, kusuluhisha, kusimamia wakfu na kuzika. Hii ndiyo hali ambayo maulamaa wa Kiibadhi wameiita kitman: hali ya umma usiokuwa na dola, unaohifadhi dini yake chini ya dola ya wengine. Kitman si woga wala si unafiki. Imamu Jabir bin Zaid, mzaliwa wa Oman, aliishi Basra katika zama za Al-Hajjaj, na hakuacha kufundisha. Baada yake Abu Ubaida Muslim bin Abi Karima alisomesha katika chumba cha chini ya ardhi. Imepokewa kwamba mlangoni palikuwa na mnyororo. Akija mtu asiyejulikana mnyororo hutikiswa, na wanafunzi wakashika ukindu wakasuka makapu. Akishapita, darsa huendelea. Kutoka chumba kile elimu ilibebwa mpaka Oman, Hadhramaut na Maghribi.

Familia nyingi za Waswahili wa Ghuba zina watoto wanaosoma Uingereza, na nyingine zina jamaa wa Kingazija waliohamia Marseille. Wazazi hao wana swali la kujiuliza kabla ya kuilaumu Ufaransa. Je, mtandio alioufunga binti ameufunga kwa elimu au kwa kuogopa bakora? Mzazi ambaye hakumfunza bintiye maana ya kujistiri, akatosheka na kumfokea, amemfanyia nyumbani kile kile ambacho waziri anamfanyia skuli. Naye huwapa wapinzani wa dini hoja yao bora, kwani wao huishi kwa kumtafuta msichana mmoja aliyelazimishwa ili wawavue mia wasiolazimishwa. Mtoto kama huyo hangoji sheria. Ndege ikishatua London huufungua mtandio yeye mwenyewe, wala hakuna aliyemwamrisha.

Ama yule aliyefundishwa akafahamu, naye akakutana na amri mlangoni, hali yake si ya aliyechagua. Sura ya An-Nahl, aya ya 106, imemtofautisha aliyekirihishwa na moyo wake umetulia kwa imani. Hukumu ya kila tukio hurejezwa kwa mwanachuoni anayeijua hali ilivyo, wala haifai kumtukana msichana huyo mitaani na kumwita mpotevu. Mwenye uwezo atafute skuli ya binafsi, ambako sheria ya 2004 haifiki. Wengine walikuwa wakiwasomesha watoto nyumbani. Lakini sheria ya tarehe 24 Agosti 2021 imeubana mlango huo, ikawa lazima kuomba ruhusa badala ya kutoa taarifa tu. Mahakama nazo zisidharauliwe: mwaka 2018 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliona kwamba wanawake wawili waliotozwa faini kwa kufunika nyuso walivunjiwa haki zao, na ushindi huo uliletwa na watu waliosubiri kwa miaka wakiandika barua na kuhudhuria vikao, bila kuvunja kioo cha mtu.

Na jambo moja limejulikana na wachache: sheria ile ya 2004 inahusu skuli za serikali za msingi na sekondari. Haihusu wanafunzi wa vyuo vikuu, wala haihusu mtandio barabarani. Wako mabinti waliokwenda kusoma chuo kikuu huko wakavua mitandio uwanja wa ndege, wakidhani nchi nzima imeikataza, na wazazi wao wakanyamaza kwa sababu nao hawakuuliza. Barua moja kwa chuo, kabla ya safari, ingetosha.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.